Mti wa Shosho Katika Udongo Mweusi

Jani la mtufaha likivunjwa katikati lingali bichi hutoa harufu ndogo, yenye uchungu kidogo, inayokaribia ile ya majani ya chai kabla maziwa hayajatiwa. Si harufu ambayo mtu angeitarajia Kitengela. Kitengela ya utoto wangu ilinuka vumbi la saruji lililoletwa na upepo kutoka upande wa Athi River, ikanuka samadi ya mbuzi iliyokauka juani, na ikanuka ule udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi ulipasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto, na wakati wa mvua ukanata kwenye viatu hadi kila mmoja wetu akawa mrefu kuliko alivyozaliwa. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, katikati ya ploti iliyozungushiwa ua wa kayaba, na nje ya ua huo hapakuwa na kitu cha kuzuia macho mpaka vilima vya Ngong. Asubuhi nyingine pundamilia walisimama barabarani wakitutazama tukipiga mswaki. Ndani ya ua, kati ya mlango wa jikoni na kamba ya kuanikia nguo, palisimama mtufaha mmoja mwembamba, ambao nyumbani hakuna aliyeuita mtufaha. Uliitwa mti wa Shosho.

Shosho alikuwa mama yake mama yangu, na aliishi Kinangop, ambako baridi ya Julai huwafanya watu wazungumze wakiwa wamejikunyata karibu na jiko. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mtufaha mzee ambao Mama alikulia chini yake. Mama alipoolewa na Baba, Mkamba wa Mwala aliyekuwa na kazi katika kiwanda cha saruji, na kuhamia kwenye tambarare isiyo na kivuli, hakulalamika. Ila kila tulipokwenda Kinangop alikaa chini ya mti ule muda mrefu kuliko alivyokaa ndani na ndugu zake. Mwaka mmoja Shosho alikata kijiti kutoka mti huo, akakipandikiza kwenye mche mdogo, akakilea hadi kikashika, kisha akampa Mama, mizizi ikiwa imefungwa kwa gunia lenye unyevu. Mama alikipakata njia nzima mpaka Kitengela. Alichimba shimo pana, akautoa udongo wetu mweusi, akajaza mchanga wa mtoni na samadi aliyopewa na jirani. Mimi ni mtoto wa pili wa kike, na kwa desturi nilirithi jina la Shosho, Nyambura, lakini Mama hakuniita hivyo hata siku moja kwa kuwa ni jina la mama yake. Aliniita Maitu, yaani mama yangu. Nilikua nikidhani kwamba watoto wote huitwa mama na mama zao.

Baba hakuijua mitufaha. Alichokijua ni kayaba. Ua wetu ulikuwa fahari yake. Kila Jumapili baada ya ibada aliuchonga kwa panga hadi ukawa bapa juu kama meza, na wapita njia walimsifu naye akajifanya hakusikia. Basi mti wa Shosho ulipoanza kutupa matawi huku na kule bila adabu, nadhani aliuonea aibu kwa niaba ya Mama. Jumapili moja, Mama akiwa bado kwenye mkutano wa akina mama kanisani, alilinoa panga na kuukata ncha zote, akauzunguka akipunguza hapa na pale, hadi ukawa mviringo kama sufuria iliyofunikwa. Aliifanya kazi ile kwa upendo. Namkumbuka akirudi nyuma, akiinamisha kichwa upande, kisha akisogea tena kuondoa kijitawi kimoja kilichomkera.

"Mama yako akirudi," aliniambia, "atadhani amepotea njia akaingia Ikulu."

Mama aliporudi alisimama langoni kitambo, Biblia ikiwa kwapani. Kisha akasema, "Umejitahidi, Baba Mwende," akaingia jikoni kuwasha moto. Mwende ni dada yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa katika shule ya bweni Machakos, na jina lake ndilo wazazi wangu waliloitana nalo maisha yao yote. Baba alifurahia jibu lile. Mimi niliyemfuata Mama jikoni nilimwona akipuliza moto uliokuwa tayari umewaka.

Kayaba ukiikata hujibu kwa kusongamana, na ndivyo unavyotaka ua ufanye. Mtufaha hujibu vingine. Mvua ziliponyesha mti wetu ulitoa vichipukizi vyembamba vilivyosimama wima kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla, vikavalia majani mengi, vikashindana kwenda juu. Ulipendeza kwa mbali. Lakini haukutoa ua hata moja, si msimu ule wala uliofuata, na Baba akaendelea kuuchonga kwa bidii akitumaini kwamba mwishowe utaona haya.

Halafu Shosho akafa. Tulimzika kwenye matope ya Kinangop, na baada ya miezi kadhaa Mama aliitwa kwao ndugu zake walipokuwa wakigawana shamba. Aliporudi hakuvua koti. Aliketi kwenye kigoda jikoni, akamwambia Baba, "Wameukata." Baba alielewa mara moja. Akamuuliza kwa nini. "Ati ulikaa kwenye mpaka," alisema Mama. "Kila mmoja aliogopa utakuwa wa mwenzake." Hata mimi niliyekuwa mdogo nilielewa: kitu pekee kilichobaki cha mtufaha ule mzee wa Kinangop kilikuwa kile kijiti kilichosimama nje karibu na kamba ya nguo, kikiwa kimenyolewa kama ua.

Kuanzia hapo Mama hakumruhusu mtu mwingine kuugusa. Alipitia kumbukumbu zake mwenyewe, akijaribu kuona tena mikono ya mama yake kwenye mti ule, kwa maana alipokuwa msichana hakuwahi kutazama kwa makini. Nani hutazama kwa makini kitu anachokiona kila siku? Aliviondoa vichipukizi vingi vya wima kwa msumeno mdogo, akabakiza matawi machache yaliyoelekea pande tofauti, kila moja likiwa na nafasi yake. Yale yaliyobaki alitaka yalale, yawe kama mkono wa mtu aliyeunyoosha kusalimia. Alikumbuka kwamba Shosho alining'iniza vitu. Hakukumbuka ni vitu gani. Basi alichukua soksi zetu za shule zilizotoboka, akazijaza mchanga, akazifunga ncha, akazitundika kwenye matawi wakati wa mvua za masika mti ukiwa mlaini. Kila baada ya siku chache aliongeza mchanga kiganja kimoja. Nilikuwa mshika soksi wake. Alinifundisha kuweka kidole chini ya tawi, mahali linapoungana na shina, ili nisikie kama linakubali au linalia. "Likilia, ngoja," alisema. "Kesho litakuwa limesahau kidogo."

Jirani yetu, Mama Naserian, alituletea maziwa kila asubuhi kwenye kibuyu kilichonuka moshi mtamu. Asubuhi ya kwanza ya soksi alisimama getini akacheka hadi akaweka kibuyu chini.

"Takwenya, Mama Mwende."

"Iko," aliitikia Mama salamu kwa lugha ya jirani yake, bila kugeuka.

"Mti yako imevaa soksi. Itaenda shule lini?"

"Itaenda mbuzi zako zikimaliza darasa la nane."

"Mbuzi zangu zimesoma zote. Hiyo yako ndiyo imebaki nyumbani."

Hawa wawili hawakuwahi kuzungumza kwa namna nyingine. Mtu mgeni angedhani ni maadui. Ndiye aliyetupa samadi ya kupandia mti, na Mama ndiye aliyemshonea Naserian sare ya shule, na kati ya samadi na sare kulikuwa na miaka ya kutupiana maneno juu ya ua wa kayaba.

Mwaka ule kiwandani walianza kuwapunguza watu. Baba hakuwa miongoni mwao, lakini aliacha kulala vizuri, na jioni moja alitueleza alichokuwa amekiamua: atajenga vyumba vya kupangisha, safu moja kando ya ua, ili kazi ikiisha tusiaibike. Alikuwa sahihi. Watu walikuwa wakimiminika Kitengela kutafuta kazi kwenye viwanda vipya, na kila aliyejenga hata chumba kimoja alipata mpangaji kabla rangi haijakauka. Fundi alikuja, akapiga vigingi, akavuta uzi kutoka kona moja hadi nyingine, na uzi ule ukapita kwenye matawi ya mti wa Shosho. Mama alimtazama Baba. Baba alitazama vigingi.

"Mama Mwende, mimi si mtu mbaya," alisema baadaye mezani. "Lakini mti huu nimeungoja. Unakula, unakunywa, hauzai. Fundi atarudi mvua za vuli zikikaribia. Ukionyesha kitu kabla hajafika, tutaongea. Usipoonyesha, nitaung'oa mimi mwenyewe, kwa heshima."

"Kwa heshima," Mama alirudia, na sikujua kama alikuwa anakubali au anauliza.

Kiangazi kilifuata, kikali. Nyasi zilikwisha, ng'ombe wakapelekwa mbali kutafuta malisho, mbuzi pekee wakabaki, na mbuzi wa kiangazi hula hata kivuli. Mti wetu ulikuwa wa kijani peke yake kwa kuwa Mama aliumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Majani yake hayakuanguka. Hayakuwahi kuanguka, mwaka mzima, na sote tuliona hiyo kuwa dalili ya afya. Siku moja upepo ulifungua lango. Mama alikuwa ndani akishona, mashine yake ikipiga kelele, na mimi nilikuwa shuleni. Nilipofika nyumbani nilimkuta amesimama uani, fimbo mkononi, mbele ya mifupa. Mbuzi wa Mama Naserian hawakubakiza jani. Walisimama kwa miguu ya nyuma wakafika hadi juu kabisa, wakala na vichwa laini vya matawi, na soksi mbili hazikuonekana tena. Ganda la shina lilikwaruzwa mahali pamoja, nadhani hapo ndipo Mama alipowafikia. Matawi yaliyolala yalibaki yamelala, matupu, kama mikono ya mtu aliyesalimia akakosa wa kumpokea.

Mama Naserian alikuja kabla jua halijatua. Hakusimama getini, aliingia, akautazama mti, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitania.

"Ni mbuzi zangu. Sitakataa," alisema. "Iko mtamba mmoja mzuri nyumbani. Kesho nitakuletea, awe wako."

"Sitaki mbuzi."

"Si ndiyo desturi? Kitu imeharibika, unalipwa."

"Mbuzi atanirudishia mama?" Mama alisema. Sauti yake haikupanda. Mama Naserian alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, shanga zake zikagongana kidogo, na Mama baada ya muda akakaa kando yake. Niliwaletea chai, ikapoa.

Asubuhi yake Mama Naserian alikuja bila kibuyu, amebeba mzigo wa matawi ya mgunga yenye miiba mirefu. Watu wa kwao huzungushia miiba kama hiyo vizimba vya ndama na wanambuzi, usiku fisi asifike. Aliupanga kuuzunguka mti, tawi juu ya tawi, akazisokota ncha ndani kwa ndani mpaka hata paka asingepita, akaacha upenyo wa mkono wa Mama kutia maji. Baba aliporudi kutoka zamu alisimama akatazama boma lile lililolinda fimbo kavu. Alisubiri hadi jirani aondoke.

"Mama Mwende, umekwisha," alisema kwa upole. "Tusijidanganye."

"Ulisema mpaka fundi arudi."

"Nilisema."

"Basi arudi."

Kila siku nilipotoka shuleni nilichungulia kwenye upenyo. Mama hakuchungulia, alitia maji akageuka, kama mtu anayemhudumia mgonjwa asiyetaka kutazamwa. Kwa hiyo ni mimi niliyeona kwanza kwamba vile vinundu vifupi vilivyokuwa kwenye matawi yaliyolala, ambavyo nilidhani ni vidonda, vilikuwa vimenenepa. Sikusema neno, niliogopa. Kisha asubuhi moja ya Jumamosi nilisikia Mama akiniita, "Maitu, njoo," kwa sauti ya mtu aliyebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni. Mti ulikuwa na maua. Yalikuwa ya waridi kwa nje na meupe kwa ndani, yamekaa kwa mafungu kwenye tawi tupu lisilo na jani, na nyuki ambao sikujua walitoka wapi walikuwa tayari wamefika. Juu, mahali Baba alipozoea kuchonga, hapakuwa na kitu. Yote yalikuwa kwenye yale matawi tuliyoyakunja.

Mama alikaa kwenye kizingiti akafikiri kwa sauti. Kinangop baridi huuvua mti majani, alisema, ukalala, na ukiamka huamka na maua. Huku hakuna baridi ya kuuvua. Mti wa watu haukuwa umelala tangu ulipofika; ulikuwa macho miaka yote, ukingoja usiku usiokuja. Alilisema hili kwa huzuni ya ajabu, na nadhani hakuwa anausema mti peke yake. Mama Naserian alipoletewa habari alizunguka boma lake mara nyingi, akanyoosha shingo, akapata tena ulimi wake. "Ashe oleng," alisema, akijishukuru mwenyewe. "Nilikwambia mbuzi zangu zimesoma."

Fundi alirudi na uzi wake mawingu yakiwa yameanza kukusanyika. Nilisimama nyuma ya Mama, nimeshika gauni lake. Baba alimpeleka fundi hadi kwenye miiba, akamwonyesha maua, ambayo sasa yalikuwa yakidondoka na kuacha vifundo vya kijani vidogo kama punje za pilipili manga. Akamwambia ukuta upite kando.

"Mzee, ukuta haukunjwi," alisema fundi.

"Basi ukatize. Chumba cha mwisho kiwe kidogo."

"Mpangaji ataniuliza mbona nyumba imeng'atwa kona."

"Mwambie ni mbuzi," alisema Baba.

Mama aliingia ndani haraka. Baba alibaki pale akijifanya anapima kitu kwa mkono, na tangu siku hiyo sikumwona tena akikaribia mti ule na panga. Matunda yalikuwa machache na madogo, na lazima niseme ukweli: hayakuwa matamu. Yalikuwa makali, ya kukunja uso. Mama aliyakata vipande vyembamba, akampelekea jirani, akampa fundi aliyekuwa juu ya ukuta, akatupa sisi, na chake akakishika mdomoni muda mrefu bila kukitafuna.

Sasa nimepita umri aliokuwa nao Mama wakati ule. Nilisoma hadi chuo kikuu, na huko nilikuja kujua kwamba wakulima wa nchi za joto huivua mitufaha majani kwa mikono kwa makusudi. Nilimwandikia Mama kumweleza, naye akajibu kwamba amekuwa akifanya hivyo miaka yote tangu mbuzi wamfundishe. Baba ametutangulia. Mama Naserian aliuza sehemu yake na kuhamia mbele ya Bisil, kwenye nafasi ya mifugo. Humpigia Mama simu kiangazi kikianza, kuuliza kama tayari wameuvua au awatume wafanyakazi wake. Pande zote za ploti yetu pamesimama maghorofa, na wanangu huwaona pundamilia kwenye picha tu. Nimeishi katika nyumba nyingi zilizopangwa vizuri zaidi ya ile, zenye bustani zilizochongwa kama Baba alivyopenda, na sijaona hata moja ambamo mtu mzima alikubali kuukata ukuta wake kwa ajili ya huzuni ya mtu mwingine. Labda sikutazama kwa makini.

Kiangazi kilichopita ni mimi niliyeuvua majani, Mama akiwa ameketi kwenye kiti akinielekeza kwa kidevu. Vidole vyake vimekauka viungo. Nilipokuwa nikifanya kazi aliniuliza, bila utangulizi, "Nikiondoka, utajenga hapa?"

Ningeweza kusema hapana. Mahali pale pana thamani kubwa sasa, nami nina watoto wa kusomesha, na ndugu zangu wana mawazo yao. "Sijui, Mama," nilisema.

Hakukasirika. Alifikiri kidogo, akaniomba kisu kidogo cha jikoni na kiwembe, akasema basi nijifunze kupandikiza, kwa maana hilo mama yake hakupata nafasi ya kumfundisha na alilijua kwa kubahatisha. Tulikata vijiti. Tulinunua miche kitaluni, tukaichana, tukavichomeka, tukavifunga kwa ukanda wa nailoni. Vya kwanza vilikauka vyote. Tulirudia. Mikono yake ilitetemeka na yangu haikujua, tukaweka mikono minne kwenye shina moja, na hicho kimoja kikashika.

Kimo ndani ya ndoo kwenye roshani yangu, katika ghorofa lisilo na kipande cha udongo wake. Kina majani sita, na tawi moja linaloelekea jengo la jirani. Juzi nilimpigia Mama kumuuliza nianze kukikunja lini. Nilimsikia akiweka kikombe chini.

"Kiache kwanza," alisema. "Bado hakijajua kiko wapi."